Mchanga Tuliouchimba Mbele ya Makaburi

Kwa miaka sita ya kwanza niliyokaa Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, sikuwahi kushika mchanga kwa mkono mtupu. Nilipojenga nyumba yangu nilikanda udongo mwekundu wa mlimani, nikasiliba kuta kwa udongo huohuo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Majirani walipoanza kuweka sakafu za saruji niliwaambia kwamba mimi napenda sakafu ya udongo, ina ubaridi mzuri. Nilikuwa nawadanganya. Niliogopa sauti ya chepe likiingia kwenye mchanga.

Nilizaliwa katika kijiji kimoja cha Kivu Kusini, kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Ardhi pale ni nyembamba. Ukishuka mlimani, hujakaa sawa umefika majini. Baina ya nyumba zetu na maji palikuwa na matuta ya mchanga yaliyozidi mapaa kwa urefu, yamefunikwa na matete na majani yanayotambaa. Kiangazi upepo wa kusini ulipovuma, ziwa lilichafuka, likaja kuyapiga matuta yale, likachoka, likarudi. Nyuma ya matuta hayo tulikuwa tunazika watu wetu. Mama yangu alizikwa hapo nilipokuwa na miaka kumi na miwili.

Aliyenilea baada ya hapo ni mdogo wake, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, ambaye hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Alilima mihogo mlimani, na kila alipotoka shamba alipitia kwenye matuta kuchomeka matete pale mbuzi walipokuwa wamekanyaga. Hakuna aliyemtuma. Mtoto aliyekuwa anateleza juu ya mchanga kwa makalio akimwona tu alikuwa anatimua mbio.

Nilipofika miaka kumi na saba, mjini walikuwa wanajenga nyumba za ghorofa, na msimamizi mmoja wa ujenzi akaja na lori kutafuta mchanga. Wazee walimwambia aende mtoni. Mtoni kulikuwa mbali na njia ilikuwa mbaya. Basi akanitafuta mimi, kwa sababu kijiji kizima kilijua nina mdomo.

"Tafuta vijana," aliniambia. "Weye banakusikilizaka."

Niliwatafuta. Nilizunguka nyumba kwa nyumba, nikawakusanya kumi na wanne uwanja wa mpira, nikasimama mbele yao na kuwaambia kwamba mchanga ni zawadi, ziwa lenyewe ndilo linaleta, na likitaka litaleta mwingine. Nilisema vizuri sana. Hadi leo nayakumbuka maneno yale neno kwa neno, na ubaya wake ni kwamba bado yananivutia.

Tulichimba viangazi viwili. Tulianzia mbali, upande usio na watu, lakini lori lilikuwa linakwama, tukasogea hadi mbele ya makaburi ambako ardhi ilikuwa ngumu. Siku moja mama mdogo akaja na jembe begani. Alisimama ukingoni mwa shimo akitutazama.

"Munatosha mulango," alisema, kwa maana kwamba tunauondoa mlango.

"Ni mucanga tu, Mama."

"Ni mulango ya mama yako."

Alikwenda zake. Nikawaambia wenzangu kwamba amechoka na shamba, tukaendelea kupakia.

Masika iliyofuata ziwa lilipanda kuliko wakongwe walivyowahi kuona. Sisemi kwamba mimi ndiye niliyelipandisha. Maji yalipanda pwani nzima, na vijiji ambavyo havikuuza hata ndoo moja ya mchanga navyo vililowa. Lakini kwetu maji yaliingilia pale tulipochimba, hayakuingilia pengine. Tuliamka tukakuta misalaba inaelea katikati ya migomba.

Siku ya tatu, ziwa lilipotulia, mama mdogo alijifunga kitenge vizuri, akachukua kikapu cha mihogo, akaingia. Nilimfuata. Maji yalikuwa magotini. Aliinama, akapapasa chini, akatoa, akaweka kikapuni, akaenda hatua mbili, akainama tena.

Nilimwuliza, "Huyu ni Mama?"

"Sijue," alisema. "Beba."

Nilibeba. Sitaeleza uzito wa kile kikapu. Wote waliopatikana tuliwazika katika shimo moja mlimani, na mchungaji akasoma majina mengi, bila mtu yeyote kujua ni nani hasa aliyekuwa mle ndani. Hakuna aliyeninyoshea kidole. Mama mdogo hakusema neno. Nilimngojea aseme, siku hiyo, mwezi huo, mwaka huo. Kisha vita vikafika kijijini, tukakimbia mimi na yeye, tukalala katika nchi za watu, hadi tukapewa kipande cha ardhi Nakivale. Hakusema.

Ziwa Nakivale ni dogo. Ukisimama ukingoni unaona ng'ombe wa ng'ambo. Lina viboko, lina mafunjo, na halina sauti ya Tanganyika, ndiyo maana nilidhani naweza kuishi karibu nalo. Nilipata kazi ya kufundisha katika shule ndogo ya wakimbizi wenzetu. Njia yangu ya kwenda shuleni ilipita mahali ambapo zamani watu walikata mafunjo, na upepo na mawimbi vikakusanya mchanga hadi likatokea tuta refu, lililomzidi mtu kidogo kwa kimo. Nyuma ya tuta kulikuwa na mashamba ya maharage ya familia nyingi, za Warundi na za kwetu.

Kiangazi kimoja nikakuta shimo kwenye tuta. Vijana sita walikuwa wanachimba, na lori la kutoka mji wa Mbarara lilikuwa linangoja. Aliyekuwa anawaongoza alikuwa kijana wa kwetu Kivu, wa miaka kumi na minane, aliyefika kambini bila wazazi. Alikuwa anawachekesha wenzake ili wasisikie jua. Nilimtazama jinsi anavyosimama, mguu mmoja juu ya udongo, chepe mkononi kama fimbo ya chifu, nikajua kwamba ana mdomo.

"Bonjour, Mwalimu," alisema.

"Bonjour," nilisema, nikapita.

Nilipita hivyo kiangazi kizima. Kila siku shimo lilikuwa limeingia ndani zaidi, na ukuta wake ulikuwa umesimama wima. Nilikuwa naujua ukuta wa namna hiyo. Nilijua unapasukia wapi. Darasani nilikuwa nawafundisha watoto kujumlisha na kutoa, na katikati ya hesabu nilikuwa nauona mkono wa mama mdogo ukipapasa majini, hata ikanibidi kugeukia ubao ili watoto wasinione. Nilijiambia kwamba mimi si mwenyekiti, kwamba vijana wale wanatafuta maisha. Ukweli ni kwamba nisingeweza kusema jambo moja bila kusema na lile lingine.

Ukuta ulianguka siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Nilikuwa darasani. Nilisikia wasichana wanapiga kelele njiani, nikatoka, na miguu yangu ikanipeleka bila kuuliza. Yule kijana alikuwa amefukiwa hadi kifuani. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na alikuwa anapumua kwa pumzi fupifupi. Wenzake walikuwa wanachimba kwa machepe, wanaogopa kumkata. Msichana mmoja wa Kirundi, aliyeongoza nyimbo za vijana katika kanisa la Wakatoliki na kuuza nyanya kwenye soko la Base Camp, kitovu cha kambi, alikuwa amemwaga nyanya zake zote na anafukua kwa beseni.

"Mwalimu, mikono!" aliniambia. "Tumia mikono!"

Nikapiga magoti na kuingiza mikono. Mchanga ulikuwa na baridi, na chini ulikuwa na unyevu, na kila nilichogusa mle ndani, mzizi, jiwe, ncha ya kiatu, mikono yangu ilikidhani ni mfupa. Niliendelea kufukua. Tulipomtoa, paja la kulia lilikuwa limekunjika mahali ambapo mtu hana goti.

Kliniki ya Base Camp walimfunga mti kwenye mguu na kumwandikia kwenda Mbarara. Lazima mtu mzima aende naye. Vijana walinitazama mimi.

Nilikaa naye Mbarara majuma sita, hospitalini, upande wa Ruharo. Walimtundika mguu kwa kamba na uzito. Nilikuwa nalala kwenye mkeka chini ya kitanda chake kama wengine waliouguza wagonjwa wao, nikimfulia, nikimpikia uji na matoke huko nyuma kwenye majiko. Mchana akilala nilikuwa natembea. Mji ule unajengwa kila upande. Siku moja karibu na hospitali nilikuta fundi anapiga lipu ukuta wa nyumba mpya, na pembeni yake lundo la mchanga wa kijivu. Niliinama. Ulikuwa na makombe madogo meupe ya konokono wa ziwani, kama kucha za mtoto.

"Hii ni mchanga mzuri, sebo," fundi aliniambia, akiniita bwana kwa Kinyankole na kudhani ninataka kununua. "Ya lake. Hii haina udongo."

Nilimwuliza umetoka ziwa gani. Hakujua, na alishangaa kwamba kuna mtu anayeuliza. Niliutazama ukuta uliokwisha kupigwa lipu, laini, wa kupendeza. Nikafikiria ghorofa za mji wetu, ambazo huenda bado zimesimama, na watu wanaoegemea kuta zake wakila chakula cha jioni. Wanaegemea kilichokuwa kimesimama mbele ya mama yangu. Nilirudi wodini, nikakaa kwenye mkeka.

Kijana alikuwa macho.

"Mwalimu," alisema, "ulikuwa unapita pale kila siku."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaangalia lile shimo. Nilikuwa nakuona. Unaangalia juu, pale lilipopasukia, siyo chini tulipokuwa sisi. Ulijua litaanguka."

"Nilijua."

"Sasa juu ya nini hukusema?"

Kitanda cha pili mzee mmoja wa Kinyankole alikuwa anakula chungwa. Nikaanza kueleza. Nilimweleza kuhusu lori, kuhusu vijana kumi na wanne, kuhusu maneno niliyoyasema uwanjani, kuhusu misalaba na kikapu. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kulisema jambo hilo kwa sauti, na nilikuwa ninamwambia mtu aliyevunjika mguu kwa sababu ya ukimya wangu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alitazama dari.

"Mimi pia nilibaambia mucanga ni ya bure," alisema. Kisha akauliza, "Mama yako, mulimupata?"

"Sijui."

Aligeuza uso kuelekea ukutani. Kesho yake asubuhi, nilipomletea uji, alisema, "Tukirudi uwaambie. Mimi nikisema peke yangu watafikiri ni maneno ya kilema."

Niliwaambia Jumapili ya kwanza tuliporudi kambini, baada ya ibada zote kwisha, za kwetu na za Wakatoliki, kwenye uwanja wa mpira. Walikuja kama thelathini, wengi kwa ajili ya kumwona mwenzao na magongo yake. Nilisimama mbele yao, na nilipofungua mdomo nilihisi ule uwezo wa zamani unapanda, maneno yanajipanga yenyewe, nikaogopa. Nikayaacha yale mazuri. Nikasema kwa ufupi, vibaya, nikikwamakwama, nilichokifanya kwetu, na kwamba tuta hili lifungwe na kupandwa upya.

Mvulana mmoja akacheka. "Mwalimu, hapa hakuna makaburi. Kuna maharage tu."

"Maharage yenu yakienda, mutakula nini?" aliuliza yule kijana mwenye magongo.

Yule msichana wa Kirundi alikuwa amekaa kwenye nyasi. Alisimama.

"Sisi kwetu tulikuwa upande wa Burundi, karibu na ziwa hilohilo," alisema. "Maji yaliingia nyumbani tukiwa tunakula. Baba alitubeba mmoja mmoja. Nyumba ilianguka, na mpaka leo hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele yetu akasema, mimi nilichimba." Alinitazama, siyo kwa huruma wala kwa hasira. "Wewe umesema. Sasa tunapanda nini?"

Nilijua kijiji chetu na kwao ni mbali, na kwamba mchanga wangu haukuwa umelinda mlango wao. Hata hivyo usiku na mchana nilijiuliza. Maji hayana mpaka.

Tulianza juma hilohilo. Mwenyekiti wa eneo letu alikubali vijana wachimbe mchanga ule ambao mvua huuporomosha kutoka mlimani na kuujaza kwenye makorongo ya barabara. Mchanga huo una udongo na haupendwi sana, lakini hakuna anayeishi nyuma yake. Hilo halikuwaridhisha wote. Wawili waliondoka wakaenda kuchimba kwingine, na sikuwalaumu.

Waliobaki tuligawana kazi. Asubuhi na mapema, viboko wakiwa wamekwisha kurudi majini, wavulana waliingia kwenye kinamasi kung'oa mashina ya matete pamoja na mizizi, mmoja akisimama juu ya tuta kutazama maji. Wasichana walichimba mistari kwenye mteremko, wakalaza mizizi, wakafunika. Tulichomeka vigingi na kuvifuma kwa matawi ili mchanga unaopeperushwa ukamatwe hapo. Mbele tulizungushia miiba kwa ajili ya ng'ombe. Kijana mwenye magongo alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatoa amri. Mimi nilipanda pamoja nao, kwa mikono mitupu. Haikuwa rahisi siku ya pili kuliko ya kwanza, wala siku ya ishirini.

Lori lilirudi. Dereva alishuka akakuta wamesimama juu ya tuta, hawana kitu mikononi.

"Nyinyi vijana, kazi wapi?" aliuliza. "Mimi nakuja kujaza gari."

"Hapa pamefungwa, Bwana," msichana alimjibu.

"Nani nafunga? Gavumenti?"

"Sisi."

Dereva alinitazama mimi, mtu mzima pekee pale. "Mzee, hii mchanga ni ya kwako?"

Nilisema hapana. "Basi," alisema, "mimi sina maneno na nyinyi. Mchanga iko mingi." Akaondoka. Nadhani alipata mahali pengine, kwa watu wengine ambao sitawajua, na jambo hilo siwezi kulifunga.

Mvua kubwa ya kwanza ilichukua theluthi ya tuliyopanda. Asubuhi yake nilikwenda peke yangu kuangalia, nikakuta mama mdogo amenitangulia. Siku hizi anatembea kwa shida, na tangu tufike Nakivale hakuwahi kushuka hadi ziwani. Alikuwa ameinama, anachomeka tete lililong'oka, akikandamiza mchanga kwa kisigino kama nilivyomwona akifanya utotoni mwangu. Nilisimama nyuma yake.

"Banapanda mubaya," alisema bila kugeuka. "Bataweka karibukaribu."

"Nitawaambia."

Alichomeka lingine. Halafu akasema, kama anayeendelea na mazungumzo ya jana, "Siku ile na kikapu. Uliniuliza kama ni yeye."

Nilisogea karibu naye.

"Nilimujua. Alikuwa na lile jino yake ya mbele, ya kuvunjika." Alinyosha mgongo polepole. "Ningekuambia, ungemubeba ukiwa unajua. Ulikuwa mutoto."

"Kwa nini unaniambia sasa?"

"Sasa hauko mutoto," alisema. "Nipatie lile tete."

Nilimpa. Tulipanda hadi jua lilipokuwa kali. Nilikuwa nimemngojea miaka yote hiyo aseme, nikidhani akisema nitapumua. Badala yake sasa najua kwamba mama yangu alikuwa ndani ya kikapu nilichobeba, na kwamba nilikilalamikia uzito njiani. Ninalo hilo. Ninakwenda nalo shuleni, ninarudi nalo.

Tuta limeshika. Haliko kama zamani. Pale palipokuwa na shimo kuna bonde ambalo linajaa taratibu, na matete ya mstari wa nyuma yamefika kifuani. Kijana aliyevunjika mguu anachechemea na ameoa. Wengine wamekuja, wadogo kuliko wale wa kwanza, na wanafuma matawi vizuri kutushinda.

Msichana wa Kirundi hayupo. Mwaka jana familia yake ilijiandikisha kurudi kwao, wakapanda basi na mabati yao na kuku watatu. Tuliagana kwa kushikana mikono tu. Miezi ikapita. Siku moja mchana simu ikalia nikiwa natoka darasani, namba ya Burundi.

"Mwalimu, maji yamerudi nyuma," alisema, baada ya kunijulia hali mimi na mama mdogo. "Mahali pa nyumba yetu panaonekana. Kuna mchanga mpya mbele yake, mwingi, mweupe."

"Mungu ni mwema."

"Kuna vijana wanauchota. Wana lori."

Nilitafuta mahali pa kukaa, nikakaa kwenye jiwe la kizingiti. Watoto walikuwa wananipita wakikimbia. Nilitaka kumwambia ajihadhari, kwamba yeye ni mtu aliyetoka kambini juzi, hana ndugu wengi pale, na vijana wenye lori wana watu nyuma yao. Nilitaka pia kumwambia aende leo, asingoje kesho.

"Unawajua?" nilimwuliza.

"Mmoja. Tulisoma naye darasa la kwanza." Nilisikia upepo kwenye simu yake, na nyuma ya upepo ile sauti ya ziwa kubwa. "Ndiye anayewaongoza. Ana maneno mazuri, Mwalimu. Nimemsikiliza hata mimi karibu nikubali."

"Umefanya nini?"

"Bado. Nimesimama hapa juu, wananiona. Nimekupigia kwanza."

Nilimwambia asikate simu, amwendee, na ikiwa yule kijana atakubali, anipe niongee naye. Nikasikia anateremka, miguu yake ikizama na kutoka kwenye mchanga.